Mchezaji wa hoki analipwa mamilioni, anarudi kambini na kitambi, timu haina la kumfanya?

Mtanga wa Edmonton

Wakuu habari za saa hizi. Niko huku Edmonton mwaka wa saba sasa, nimekuja najua mpira wa miguu tu, barafu naijua ile ya kwenye kifuko ya shilingi hamsini. Ila huku ukikaa bila kuijua hoki ya barafuni kazini huna cha kuongea kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa sita, kwahiyo na mimi nikaanza kuangalia kidogo kidogo na sasa imeshaingia kwenye damu, Oilers, timu ya hapa Edmonton, walipofungwa fainali 2024 gemu ya saba na Florida alafu 2025 wakafungwa tena fainali na hao hao Florida nilikosa usingizi kama vile Coastal Union imeshuka daraja.

Sasa iko hivi. Pale godauni tumebishana wiki nzima. Kuna jamaa Mkanada mtu mzima tu anasema yeye akichelewa dakika kumi anaandikiwa barua, lakini mchezaji wa dola milioni sita kwa mwaka anakaa kwenye boti ziwani miezi mitatu bia mkononi, mwezi wa tisa anaingia kambini kavimba mashavu, anapandishwa baiskeli ya kupimia pumzi dakika mbili anatafuta ndoo, na hakuna anayemgusa. Jamaa anataka wapimwe kila mwezi hata likizo, asiyefika kiwango akatwe mshahara. Mimi nikamuunga mkono mia kwa mia maana hata kwetu nyumbani ligi ikisimama Jumapili, Jumatatu mchezaji unamkuta kwenye kibanda cha chipsi na kinywaji cha baridi pembeni. Akatokea mwingine akasema hiyo haiwezekani kisheria, chama cha wachezaji hakikubali.

Swali langu, kweli timu haina mamlaka? Na kama haina, huyu mtu anawajibika kwa nani? Wanaojua naombeni darasa. Nawasilisha.

Pumzi Fupi

Milioni sita za dola alafu nipande baiskeli isiyoenda popote mwezi wa saba? Mimi mngenikuta Nungwi na pweza wa nazi, mtanipima mkinipata 😂

Wakili wa Benchi

Mkuu Mtanga, huyo jamaa yenu wa pili yuko sahihi nusu. Mkataba wa NHL (ligi kuu ya hoki huku) ni fomu moja kwa wote, kuanzia anayelipwa kima cha chini (msimu wa 2025-26 ni dola 775,000) mpaka masupastaa, na humo ndani mchezaji anakubali kwamba ataripoti kambini mwili ukiwa kwenye hali nzuri na ataendelea kujitunza hivyo msimu mzima. Soma tena hapo, KURIPOTI kambini. Kati ya gemu ya mwisho na siku ya kuripoti ni maisha yake. Timu inampa programu ya mazoezi, kocha wa viungo anampigia simu, anaweza hata kufunga safari mpaka kwao Sweden akamtazame, ila kumlazimisha aje jimu ya timu mwezi wa saba hawawezi. Na kwa haki kabisa mshahara wenyewe unalipwa msimu ukiwa unaendelea, kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa nne, kiangazi hakuna mshahara (bonasi za kusaini ndio huwa zinaingia mwezi wa saba lakini hiyo ni mada nyingine). Wewe bosi wako asikulipe miezi mitano alafu akupigie simu anakuuliza jana umekula chapati ngapi, utamwelewa?

Haya tuseme karipoti hovyo. Faini ipo, timu ina haki ya kuweka kanuni za nidhamu na za mwili na kutoza faini ya kiasi. Ila faini ya kiasi kwa mtu wa milioni sita ni hela ya vocha. Mnamshusha timu ya chini AHL? Kama mkataba wake ni wa njia moja anaendelea kulipwa zote akiwa huko huko kwenye mabasi, na kwenye hesabu ya kikomo cha mishahara (jumla ambayo ligi hairuhusu timu kuizidi) timu inaokoa dola milioni 1.15 tu kwa msimu huo wa 2025-26, zilizobaki zinawabana kama kawaida. Mnamvunjia mkataba? Analipwa theluthi mbili ya kilichobaki (theluthi moja kama hajafika miaka 26) na hilo deni linakaa kwenye hesabu zenu mara mbili ya muda uliokuwa umebaki. Alikuwa na miaka mitatu, mtamkumbuka miaka sita.

Na kabla mtu hajaja na habari ya Zion Williamson wa kikapu, ni kweli iliripotiwa kwamba mkataba wake wa 2022 na New Orleans una kipengele cha mzani, anapimwa na hela yake inategemea. Kwenye hoki mlango huo umefungwa kwa walio wengi, bonasi za utendaji wanaruhusiwa chipukizi wa mkataba wa kwanza, wazee wa miaka 35 na kuendelea kwenye mkataba wa mwaka mmoja, na baadhi ya waliotoka kwenye majeraha marefu. Mtu wa boti yenu hayumo.

Mtanga wa Edmonton

Daah. Kwahiyo kitambi kinalindwa na sheria!

Mama Zuhura MN

Mdogo wangu Mtanga, mimi niko Minnesota, kijana wangu anacheza hoki tangu ana miaka sita na nimekaa kwenye viti vya baridi mpaka mgongo umekuwa wa bibi, kwahiyo na mimi niruhusuni.

Hao wanaosema wapimwe kila mwezi nawauliza, wapimwe nini? Kabla ya drafti, ile siku timu zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, vijana huwa wanapelekwa kupimwa kila kitu, pumzi, baiskeli, kuruka, kujivuta kwenye chuma. Mwaka 2014 kulikuwa na kijana anaitwa Sam Bennett, kaning'inia kwenye chuma mbele ya maskauti wote wa ligi akashindwa kujivuta hata mara MOJA. Sifuri. Watu wakacheka, magazeti yakaandika. Calgary wakamchukua wa nne hivyo hivyo. Sasa mdogo wangu wewe shabiki wa Oilers si unamjua Bennett? Ndiye huyo huyo wa Florida, 2025 kafunga magoli 15 kwenye mechi za mtoano na kachukua tuzo ya mchezaji bora wa mtoano mzima, mbele ya macho yako. Kile chuma kilisema nini kuhusu hayo?

Hoki zamu moja barafuni ni sekunde 40 mpaka 50, unatoka kama umefukuzwa na nyuki, unakaa, unarudi, unagongwa, unarudi tena. Jimu inasaidia sana sikatai, ila namba za jimu sio hoki. Na Kessel je? Phil Kessel walimwimbia nyimbo zote za unene na hot dog, yeye mwenyewe mwisho akajaza hot dog kwenye kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL, akapiga picha akapost. Huyo ndiye kacheza mechi 1,064 mfululizo bila kukosa hata moja, rekodi ya ligi nzima, na makombe matatu anayo. Ukimkata mshahara kwa ajili ya mzani unajiona una akili?

Ila sio kwamba nawatetea wavivu jamani. Mwanangu akirudi mwezi wa nane hajakimbia namwona dakika ya kwanza tu, anaanza kuinamia fimbo.

Baharia wa Montreal

Wanangu, salamu. Mimi mtu wa Mombasa, Old Town, meli ndiyo ilonileta huku na nimezeekea huku. Jirani yangu wa miaka mingi, mzee Mfaransa wa hapa hapa Québec, kila tukinywa kahawa ataniletea 1972 kana kwamba ilikuwa jana.

Zamani hizo kambi ya mwezi wa tisa ndiyo ilikuwa mahali pa kupunguzia tumbo. Mishahara haikutosha, kiangazi mchezaji alirudi shambani Saskatchewan akavune, mwengine aliuza bia, na mnunuzi namba moja ni yeye mwenyewe. Basi 1972 wakaalikana na Warusi mechi nane. Kanada nzima ikajua watawafunga zote nane. Tarehe 2 Septemba hapa Montreal, joto, Esposito akafunga sekunde ya 30, dakika ya saba haijafika ni mbili bila, jirani yangu asema watu walikuwa washaanza kuwaonea Warusi huruma. Kisha pumzi zikakata. Wale wengine wanafanya mazoezi mwaka mzima, hawa wametoka kwenye maziwa na mipira ya gofu. Saba kwa tatu. Jirani asema kimya cha siku ile hajakisikia tena hata msibani. Kanada walikuja kushinda mashindano, mechi nne kwa tatu na sare moja, goli la Henderson Moscow zikiwa zimebaki sekunde 34, lakini kufika hapo walikuwa wameshapata fiti kwa mwezi mzima wa kupigwa.

Sasa mwataka uwajibikaji kamili? Warusi walikuwa nao. Baadaye chini ya kocha Tikhonov wachezaji wa CSKA, timu ya jeshi ya Moscow, walikuwa askari kwa makaratasi, wakifungiwa kambini karibu mwaka mzima, mke na watoto wawaona kwa ruhusa. Pumzi walikuwa nazo, sikwambii. Na 1988 mchezaji wao Larionov akaandika barua ya wazi kwenye jarida kulalamikia maisha hayo, mwenzake Fetisov akagombana na wakubwa mpaka akapata njia ya kwenda New Jersey 1989. Yule jamaa wenu wa godauni muulizeni kama hayo ndiyo ayatakayo.

Panari Boy

Mzee Baharia heshima. Maze sisi huku Nairobi tulikuwa tunateleza pale Panari, ka-rinki kadogo ukipiga kona mbili umerudi ulikotoka, na mnajua Ice Lions, timu yetu ya hoki ya Kenya, walipelekwa Canada 2018 wakacheza na masupastaa wa NHL Crosby na MacKinnon upande wao. Hakuna mtu alikuwa analipwa hata bob. Na bado Jumapili mtu anavaa rollers parking ya soko anafanya drills. Sasa mtu wa six million anahitaji kuchungwa kama mbuzi? Si ni aibu.

Pumzi Fupi

Panari Boy ndio maana hampati hela, mnajituma sana

Wakili wa Benchi

Naomba nirudi kwenye swali la pili la Mtanga, anawajibika kwa nani, maana la sheria nimeshalijibu na sitaki lionekane ndio mwisho.

Kocha anayo nguvu yake, ni dakika za kucheza. Kocha Tortorella alivyofika Philadelphia 2022 kambi ya kwanza tu aliwakimbiza barafuni kwenda na kurudi mpaka watu wakawa hoi, na kila mtu aliona nani alikuwa ziwani. Hakumkata mtu senti. Anayesugua benchi kwenye mwaka wake wa mwisho wa mkataba anajikata mwenyewe, wakala wake ndiye atampigia simu usiku. Alafu kuanzia msimu wa 2026-27 mechi zinapanda kutoka 82 mpaka 84 na mechi za kujiandaa zinapungua mpaka nne, kwahiyo ule mtindo wa zamani wa mzee Baharia wa kupunguzia tumbo kambini unazidi kukosa nafasi, mechi za kweli zitakukuta bado unahema.

Ila kwa ninavyoona mimi anayemwajibisha mchezaji zaidi ya wote ni mwenzake wa kiti cha jirani. Mchezaji Gary Roberts alistaafu 1996 kwa matatizo ya shingo, ana miaka 30 tu, akajijenga upya kwa chakula na mazoezi, 1997 akarudi Carolina na akacheza mpaka 2009. Msimu wake wa mwisho alikuwa Tampa na mtoto wa miaka 18 anaitwa Stamkos, dogo alimaliza na magoli 23. Kiangazi dogo akaenda kufanya mazoezi kwa yule mzee. Msimu uliofuata magoli 51. Nani alimlazimisha? Hakuna kifungu, hakuna faini, kaona tu mtu aliyevuka miaka 40 anampita jimu.

Mama Zuhura MN

Wakili hapo umenena. Ila tuongeze kwamba barafu ya kiangazi na makocha wa hivyo ni hela, Stamkos alikuwa chaguo la kwanza la drafti. Wale wa kima cha chini wanaozunguka kati ya timu mbili nao wanatakiwa waripoti fiti vile vile, na wao wakiripoti hovyo hakuna cha benchi, ni kwaheri tu. Kitambi kinacholindwa ni cha tajiri.

Mtanga wa Edmonton

Mama Zuhura umenipiga na Bennett mpaka nimezima simu kidogo, yaani mtu hajui hata kujivuta ndiye kaninyima raha miaka miwili. Mzee Baharia shikamoo, hiyo ya 1972 sikuwahi kuisikia, huku vijana wananiambia tu tulishinda.

Mimi bado kidogo nina donge hapa, milioni sita ni milioni sita, mtu uambiwe uripoti fiti na wewe unaripoti umevimba mimi naona angalau wiki ya kwanza usilipwe mpaka ukimbie. Ila hilo la kumpima mtu likizo kila mwezi nimeliacha, nimejifikiria mimi mwenyewe nikienda Tanga mwezi mmoja nikirudi nakuwaje. Kesho zamu yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri na yule Mkanada tuko kwenye foklifti jirani, naanza naye na saba kwa tatu.