Ariane ya 1986: nakosea wapi kutafuta mahali ilipopasukia?

Mchungulia Anga: Wakuu, salaam. Wiki ya tatu hii silali, mpaka mke wangu ananiita profesa kwa kejeli. Kuna ile hatua ya tatu (kipande cha juu) ya roketi ya Ulaya, Ariane 1, iliyorushwa kutoka Kourou, Guyana ya Wafaransa, tarehe 22 Februari 1986 ikiwa na satelaiti mbili, SPOT 1 ya Wafaransa na Viking ya Wasweden. Ilikaa angani miezi kama tisa, ikapasuka, vikaorodheshwa karibu vipande 500. Nataka nitafute mwenyewe ilipasuka lini na wapi. Nimepakua TLE (mistari miwili ya namba zinazoeleza njia ya kitu angani) za vipande 40 kutoka Space-Track, tovuti ya Wamarekani ya kufuatilia vitu vya angani, nikavirudisha nyuma kwa SGP4, hesabu ya kukadiria kitu kilikuwa wapi saa fulani, nikitegemea vikutane mahali pamoja. Havikutani ng'o! Vimetawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe.

Fundi Redio: TLE zako za lini, mkuu?

Mchungulia Anga: Za mwezi uliopita.

Fundi Redio: Haya. TLE ikiwa mbichi kabisa ina kosa la kama kilomita moja, na kila siku linaongezeka. Wewe unarudi miaka karibu 40! Chukua zile za mwanzo kabisa za kila kipande. Na usibebe vyote: vyepesi huvutwa na hewa nyembamba ya huko juu, vinakudanganya. Chenye B* kubwa (namba ndani ya TLE inayoonyesha kinavyovutwa na hewa) weka kando. Kisha chora chati ya Gabbard, muda wa mzunguko uende ulalo, kimo cha juu na cha chini cha kila kipande viende wima. Utapata kitu kama X. Pale mistari inapokatana ndipo obiti ya roketi yenyewe, yaani njia yake ya kuizunguka dunia, dakika kama 101 kwa mzunguko. Mikono iliyokaribia kulala ndiyo inayokuambia kimo cha mpasuko.

Bint Hesabu: Naongezea, maana hapa nami niliwahi kunasa. Obiti za vipande hukatana pande mbili za dunia: pale ilipopasukia, na upande wa pili kabisa. Usishangilie ya kwanza utakayoiona. Linganisha vimo. Mahali pa kweli vyote viko kimo kimoja, upande wa pili kila kimoja na kimo chake. Tazama na mwinamo, yaani obiti ilivyoinama kutoka ikweta: ukitofautiana sana kati ya vipande, ilipasuka karibu na ikweta.

Mchungulia Anga: Nimebakiza 15 vizito. Vimebanana tarehe 13 Novemba, kimo kama kilomita 800. Nusura nipige kelele! Ila nukta yangu ya mpasuko kwenye ramani haikai kwenye njia ya roketi. Nimechora njia hiyo kwa TLE yake ya mwisho, nukta imesogea magharibi, nyuzi 45 kamili.

Bint Hesabu: Kamili? Laptopu yako inasoma saa za wapi?

Mchungulia Anga: Za hapa Mwanza.

Bint Hesabu: Basi umeipa programu UTC (saa ya kimataifa, ambayo TLE hutumia) yenye masaa matatu ya ziada. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, piga hesabu. Shukuru hukuandika saa za Kiswahili, ungezidi kuchanganyikiwa.

Fundi Redio: 😂😂

Mchungulia Anga: Imekaa! Juu ya mstari kabisa. Kesho natafuta kile kipande chake kilichokata mlingoti wa Cerise, satelaiti ndogo ya Wafaransa, 24 Julai 1996. Leo profesa amefukuzwa mezani, watu wanataka kula.