Huyu msahihishaji anayegeuza "muungano" kuwa "muunganiko" atatuua kwa presha

Wakuu, mnamjua. Sitaji jina, kalamu yake nyekundu inatosha. Leo amekata "Muungano" kwenye "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania", juu yake kaweka "Muunganiko". MUUNGANIKO! Kumbe tangu 26 Aprili 1964 nchi nzima inakosea, ikimsubiri yeye.

Shina ni ung-. Bandika -an-, unapata ungana: wawili wanashikana wenyewe, na jina lake ni muungano. Ongeza -ish-, ni unganisha: sasa yupo anayeviunganisha, na yambwa, yaani kinachotendewa, lazima iwepo, jina lake muunganisho, kama wa nyaya au wa intaneti. Weka -ik-, ni unganika: hali ya vitu kuwa vimeshaungana, ndiyo muunganiko. Ndugu watatu wa tumbo moja, kila mmoja na shati lake. Yeye kawavisha wote shati moja, tena kwenye jina la nchi! Jamhuri ya Muunganiko! Kasuku mwenyewe angekataa kulirudia.

Na pembeni kaandika "sahihi zaidi". Zaidi ya katiba?

Kitenzi Kikavu: Mkuu, kunywa maji kwanza.

Mzizi Mrefu: Mleta uzi naye! Ung- ni mzizi, haukatiki tena. Shina ni ungan-, mzizi na kiambishi chake. Kalamu nyekundu ije na huku.

Bibi Sarufi: Heri huyo. Kuna wanaoandika "vyama vimeunganisha". Vimeunganisha nini? Vyama VIMEUNGANA.

Fundi Nyaya: Mimi nalia na wanaosema "changanya" wakitaka "unganisha". Vinavyounganishwa hukutana kwenye kiungo. Vinavyochanganywa huingiliana kotekote. Mwambie fundi "changanya nyaya" uone kama utapata mwanga au shoti.

Kitenzi Kikavu: Na "unganisha pamoja"? Kuna kuunganisha mbalimbali?

Mzizi Mrefu: Kiungo cha mwili na kiungo cha mchuzi, wingi wote "viungo". Mbona hilo hamlilii?

Bibi Sarufi: Kwa sababu mchuzi nao huungwa, mwanangu. Kazi ni ileile.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye MUUNGANIKO.

Nusu Koma: Nimesoma uzi huu masaa mawili, bado sijaona kosa.

Bibi Sarufi: Masaa?! Nani kaandika "masaa" humu?