Tupeane uzoefu: siku muhtasari wa kikao ulipokuokoa, au ulipokuponza

Mwalimu Mstaafu

Wakuu, habari za jioni.

Nilifundisha shule za msingi za vijijini miaka 31. Nilipostaafu wakanichagua mjumbe wa halmashauri ya kijiji, nikakaa miaka mitano. Humo ndimo nilimojifunza kitu ambacho darasani sikuwahi kukifundisha: huku chini mambo hayaendeshwi na hotuba, yanaendeshwa na muhtasari wa kikao. Kama halipo kwenye muhtasari, basi halipo, hata kama unaligusa kwa mkono.

Nianze na langu. Shule yetu ilikuwa na upungufu wa madarasa, tukakubaliana kujenga. Kila kaya shilingi 10,000, wanaume mawe na mchanga, akina mama maji. Boma likapanda mpaka usawa wa lenta. Utaratibu unajulikana: wananchi wanainua boma, halmashauri ya wilaya inamalizia mbao, mabati na sakafu. Tukasubiri. Mvua za kwanza zikapita, za pili zikapita, mbuzi wakalifanya boma kuwa lao.

Nikapanda gari mpaka wilayani, ofisi ya mipango. Nikamkuta kijana mmoja mpole sana. Akafungua faili la kata yetu, akapekua, akarudia kupekua. Akaniambia, "Mwalimu, samahani, boma lenu silioni."

Nikamwambia mimi nimeliona jana!

Kumbe tulikubaliana chini ya mwembe, tukapiga makofi, tukaanza kubeba mawe. Hakuna aliyeandika. Halikupita halmashauri ya kijiji, halikwenda kamati ya maendeleo ya kata kwa diwani, kwa hiyo kwenye bajeti halikuingia. Tukarudi nyuma kuanza upya: kikao cha halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu, kisha kata. Tulipofikisha makaratasi wilayani ilikuwa Machi, baraza la madiwani limeshapitisha makisio ya mwaka unaoanza Julai 1. Ikabidi tungoje mwaka mwingine mzima. Watoto waliobeba maji ya ujenzi walimaliza la saba bila kusoma humo.

Haya, leteni na yenu. Ya kuokolewa na ya kuponzwa yote nayataka. Ombi moja: msitaje kijiji wala mtu, tunaishi nao.

Mama Kisamvu

Shikamoo Mwalimu. Umenigusa penye kidonda.

Sisi tulikuwa wanawake watano, tunasaga muhogo. Tukaomba ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Hauna riba, nani asiutake?

Mara ya kwanza afisa maendeleo ya jamii aliturudisha kwa sababu muhtasari wetu ulisema "tumekubaliana kukopa", hausemi kiasi gani. Haki yake. Mara ya pili kiasi tumeandika, lakini mhazini kasaini jina ambalo kijiji kizima tunamwitia, mama fulani, na kitambulisho chake cha NIDA kina jina la utotoni ambalo hata mimi sikulijua, na ni shoga yangu miaka 20. Mara ya tatu kila kitu sawa, ila tarehe ya muhtasari ilikuwa siku mbili mbele ya tarehe ya barua ya maombi. Yaani tuliomba kabla ya kukubaliana kuomba! Nilicheka njia nzima huku nauli imeniuma.

Tumekuja kukamilisha, ikafika Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo hiyo nchi nzima. Mashine tumenunua kwa hisa zetu za vikoba. Na huko kwenye vikoba, Mwalimu, sasa mimi ndiye katibu. Siandiki "tumekubaliana" peke yake tena.

Dereva wa Kirikuu

Yangu haina muhtasari, lakini ni karatasi vilevile.

Nimepakia gunia saba za mahindi kumpelekea dada yangu wilaya ya pili. Kizuizini kijana ana mashine ya POS, anadai ushuru wa mazao. Nikamwambia gunia saba ni kilo 700, haijafika tani, na tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja hautozwi ushuru kwa kuvuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Akanijibu, "Hiyo ni ya Dodoma, sisi tuna sheria ndogo yetu." Nikasema sawa, nionyeshe sheria ndogo, halafu nikatie risiti uandike uzito huohuo wa kilo 700.

Akaangalia mashine. Akaangalia mahindi. Akainua kamba.

Nisiseme nimeshinda, maana wiki iliyofuata nilipita na gunia 14 nikalipa kimya kimya. Sheria hiyohiyo.

Mzawa wa Bonde

Ngoja niwape ya kuponzwa, vijana mnaonunua mashamba msome taratibu.

Mwaka 2016, huku kwetu Morogoro, nilinunua ekari sita kwa mzee mmoja mstaarabu kabisa. Tukaandikishana mbele ya mwenyekiti na mtendaji, mihuri miwili, mashahidi wanne, na ile hela ya kijiji wanayotoza kwetu nikatoa. Nikalima miaka sita bila neno.

Mwaka 2022 wakaja wapimaji kwa ajili ya hati za kimila, zile za kumiliki ardhi ya kijiji. Tunazunguka na kifaa chao, tukafika upande wa chini wa shamba, mjumbe mmoja mama mtu mzima akasema, "Hapo simameni. Hapo ni malisho." Nikatoa karatasi yangu yenye mihuri. Yeye hakubishana, akaomba daftari la kijiji. Daftari la zamani, gamba limeliwa na mchwa. Mkutano mkuu wa 2011, ajenda ya nne: ekari mbili za yule mzee, kwa ridhaa yake mwenyewe, zimetengwa kuwa malisho na njia ya ng'ombe kwenda lambo. Na sahihi yake ipo, ile sahihi yake ya kuchora kama ndoano.

Sijui alisahau au alinisahaulisha, Mungu amrehemu, alishafariki.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni hiki. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mwenyekiti na muhuri wake si halmashauri ya kijiji. Halmashauri ya kijiji ni wajumbe 15 hadi 25 waliokaa kikao. Tena hata hao wakitaka kumgawia mtu ardhi ya kijiji, lazima mkutano mkuu uwe umeridhia kwanza. Mauziano yangu hayakupita kikao chochote. Mihuri yote ile ilikuwa ya watu wawili kwenye benchi.

Tulikwenda baraza la ardhi la kijiji, wale watu saba, na mama wa "simameni" alikuwa mmoja wao, akajitoa siku hiyo kwa kuwa ni shahidi. Nimemheshimu mpaka leo. Tukapatana: hati nimepata ya ekari nne, mbili zimerudi kwa ng'ombe. Watoto wa marehemu wakaniletea mbuzi wawili jioni, hawakusema ni wa nini na mimi sikuuliza.

Kwa hiyo ukinunua shamba kijijini, kabla ya kuuliza bei omba kuona daftari la mihtasari. Wakikwambia limepotea, na wewe potea.

Asiyeitwa

Kwetu muhtasari unaandikwa kabla ya kikao. Tukifika tunasaini mahudhurio, tunakunywa soda, tunaambiwa tuliazimia nini.

Mtendaji Mchovu

Nimesoma kimya tangu juzi, leo nijibu. Mimi ni mtendaji wa kijiji, mwaka wa saba.

Huyo wa soda, sikatai, yapo. Lakini njooni mkae upande huu wa meza. Wajumbe wangu ni 25, akidi nusu yao. Saa nne tuna kikao, saa sita wamefika tisa. Natuma mtoto na baiskeli. Saa nane tuko 13, wawili tayari wanaaga kwa sababu ng'ombe hawajanyweshwa. Mkutano mkuu sheria inataka kila miezi mitatu. Watu wanajaa uwanja siku ya kuandikisha mbolea ya ruzuku tu. Siku ya kusoma mapato na matumizi nasomea wazee sita na mbwa. Shajala nanunua mwenyewe. Muhtasari nauandika usiku kwa taa ya sola, nakala tatu kwa mkono, asubuhi naupeleka kata kwa bodaboda kwa hela yangu.

Sasa niseme langu, maana Mwalimu kataka na ya kuponzwa. Kikao kiliazimia choo cha shule, matundu sita ya wasichana. Nikaandika manne. Si kwa ubaya, nilikuwa nimechoka na ajenda ya juu yake ilikuwa na nne nyingine. Kikao kilichofuata wakathibitisha muhtasari bila mtu kushtuka, ukapanda kata, ukapanda wilaya, fundi wa fosi akaunti, yaani wa kuajiriwa moja kwa moja bila mkandarasi, akajenga manne. Ofisi yangu inatazamana na shule. Kila saa nne na nusu asubuhi, kengele ya mapumziko ikilia, naiona ile foleni.

Mama Kisamvu

Pole mtendaji. Hiyo nayo andika iingie kwenye yatokanayo, yale mawili yaliyobaki yaombewe hela upya.

Mtendaji Mchovu

Nimeshaandika mara mbili, mama. Mara hii niliandika sita kwa tarakimu na kwa maneno.

Kalavati

Jamani na sisi tuna kalavati lililosombwa. Tuna muhtasari safi, akidi imetimia, tumeupeleka halmashauri. Wakatujibu barabara za vijijini tangu 2017 ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, pelekeni huko. Bomba la maji nalo tukaambiwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019. Diwani tunayempigia kelele kwenye mikutano si yake lile wala hili, anapokea matusi tu na kuandika barua. Tumeitisha msaragambo, tumeweka magogo. Gari dogo linapita, Fuso hapana.

Binti wa Kata ya Juu

Shikamoo Mwalimu, samahani nina swali. Mimi si mjumbe wala siko kwenye kamati yoyote. Naruhusiwa kuuona muhtasari au nitaambiwa naleta siasa?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba binti yangu. Siasa utaambiwa, hilo lipokee tu.

Lakini ukishatimiza miaka 18 na unaishi pale, wewe ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, hukuhitaji kuchaguliwa na mtu. Na mkutano mkuu huanza kwa kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, kisha ndiyo yatokanayo. Hapo ndipo pako. Shida ni kwamba vijana mnafika wakati wa mengineyo, wazee wameshathibitisha kila kitu, mnabaki kupigia kelele jambo lililokwisha kusainiwa. Wahi. Ukisikia limesomwa tofauti na lilivyosemwa, nyoosha mkono palepale useme lirekebishwe na marekebisho yaandikwe. Kwa adabu, lakini usikae mpaka uione kalamu inatembea.

Na Kalavati, muhtasari huohuo mpelekeeni meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa diwani na kwa mtendaji wa kata. Ombeni wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu. Usipokuwa na muhuri wa kupokea utarudi kuambiwa kama mimi, "silioni".

Asiyeitwa

Mwalimu, hilo darasa liliezekwa hatimaye?

Mwalimu Mstaafu

Liliezekwa. Mjukuu wangu yuko humo, darasa la tatu B. Anasema linanuka mbuzi mvua ikinyesha.

Mtendaji Mchovu

Nami niwatangazie walio jirani, maana huenda mmo humu: kesho mkutano mkuu, saa nne kamili asubuhi, uwanja wa shule. Ajenda ya tatu ni choo.

Tutaanza saa saba.