Jibu la "tunasikitika" linafika saa tisa usiku. Nani yuko macho?

Kijana wa Sakina: Wakuu, shikamooni. Nimemaliza shahada ya uhasibu mwaka jana, niko Arusha. Naomba kazi mashirika ya kimataifa, natuma jioni, kabla ya alfajiri nimeshakataliwa. CV yangu ina safu mbili, picha, na vinyota vya kuonyesha Excel naijua kiasi gani. Nimeiprinti, nikasaini, nikaiskani pamoja na vyeti. Nakosea wapi?

Mama Steshenari, Moshi: Marahaba mwanangu. Duka langu liko karibu na Chuo Kikuu cha Ushirika, wahitimu ndio wateja wangu. Umeiharibu hapo kwenye kuskani. Karatasi ikiskaniwa inakuwa picha, na programu nyingi za kompyuta za kuchuja maombi ya kazi zinatafuta maandishi. Saini kwenye CV nani kakuomba? Hayo ni mazoea ya enzi za bahasha ya kaki. Hifadhi PDF moja kwa moja kutoka Word.

Halafu jipime: chagua maandishi yote ya hiyo PDF, nakili, bandika kwenye Notepad. Juzi tumefanya hivyo na binti mmoja mwenye safu mbili kama zako, mwaka wa kuhitimu ukaangukia katikati ya jina la sehemu aliyofanyia field. Safu moja inatosha. Namba ya simu usiiweke kwenye heda, programu nyingine zinairuka.

Vinyota toa. Nyota nne za Excel ni nini? Hata mimi sijui. Andika ulichokifanya nayo. Tangazo likitaja QuickBooks na unaijua, andika QuickBooks, usiandike "programu za uhasibu" ukategemea mashine ikisie. NBAA, ile bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, iweke kwa kifupi na kwa kirefu.

HR wa Njiro: Mama kasema kweli, ila mkuu, jibu la usiku huenda halihusiani na CV. Kwenye fomu uliulizwa kama una uzoefu wa miaka mitatu? Mwajiri akiweka hicho kigezo, ukibofya hapana mfumo unakuondoa hapo hapo.

Kijana wa Sakina: Kumbe! Sasa nibofye ndiyo?

Mama Steshenari, Moshi: Thubutu! Kwenye usaili utawaambia nini? Tafuta matangazo ya wahitimu wapya na ya intanshipu. Za serikali, Ajira Portal, unajaza taarifa zako humo humo kwenye mfumo, urembo haukusaidii. Ukipita Moshi njoo na faili la Word kwenye flashi. Karatasi iache nyumbani.