Shati la Babu

*Kikundi: Wajukuu na Wana wa Kiwira*

*Sekela:* Shikamooni. Babu kapimwa tena zahanati. Malaria hamna. Wameandika taifodi, sindano siku tano.

*Gwakisa:* Taifodi ya tatu hii toka Mei 😅

*Mama Tumaini:* Marahaba. Mzee ana miaka 74 jamani, uchovu wa umri huo.

*Sekela:* Mama mdogo, umri haulowanishi shati. Usiku nimembadilisha mara mbili, na baridi hii ya Julai! Suruali sasa anafunga kamba.

*Gwakisa:* Na yale matezi?

*Sekela:* Yapo. Shingoni kushoto matatu, jingine juu ya mtulinga, gumu kama kokwa. Hayaumi. Niliyaona kabla ya Pasaka.

*Atupele:* Ndiyo natoka zamu wodini. Hilo la juu ya mtulinga silipendi kabisa. Tezi la mafua huuma, wiki chache limenywea. Haya yana miezi, pamoja na homa, jasho na kukonda. Hapo nawaza TB ya matezi, VVU, au saratani ya matezi. Kwa kupapasa tu huwezi kujua ni ipi.

*Baba Mkubwa:* TB gani? Hakohoi.

*Atupele:* Shikamoo baba mkubwa. TB ya matezi wengi hawakohoi. Na kile kipimo cha taifodi cha tone la damu kinadanganya sana.

*Gwakisa:* VVU, Babu? 🙈

*Atupele:* Kirusi hakiheshimu mvi, kaka.

*Mama Tumaini:* Jirani ana vidonge vyeupe vidogo, mama yake alimeza akaanza kula siku ya pili. Nimpelekee?

*Atupele:* HAPANA mama mdogo, nakuomba! Huenda ni prednisoloni, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Kama ni saratani ya matezi, uvimbe unanywea, kinyama cha tezi kikikatwa na kupimwa hakieleweki. Anachangamka kidogo, kisha ugonjwa unarudi.

*Mama Tumaini:* Basi mwanangu, naacha.

*Atupele:* Alhamisi mleteni Mbeya, rufaa. Damu, VVU, picha ya kifua, altrasaundi ya tumbo. Halafu tezi moja likatwe zima, kuvuta kwa sindano mara nyingi hakutoshi. Sekela, waambie mapema kipande kimoja ni cha TB, kisiwekwe kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia vinyama, maana inaua vijidudu. Nimeona watu wakirudi kukatwa upya kwa hilo tu.

*Baba Mkubwa:* Nauli natuma jioni. Na dawa ikiwa TB?

*Atupele:* Bure, miezi sita.

*Sekela:* Babu kasikia "kukatwa", kanyamaza. Sasa anauliza nani atachuma parachichi zake Alhamisi.

*Gwakisa:* Mimi. Asinihesabie tu 😂