Mrejesho: ramani ya ajali kwenye makutano, Tabora mjini

Wakuu, niliuliza kwa nini ramani yangu ya msongamano wa ajali kwenye makutano ya hapa Tabora ilitoka doa moja jekundu lililomeza mji mzima. Aliyesema nikague vipimo alipatia: data ilikuwa kwenye digrii (za latitudo na longitudo), nami nikajaza 100 kwenye nusukipenyo cha duara la rangi linalozunguka kila ajali, nikidhani ni mita. Aibu! Nimeigeuza kuwa UTM (mfumo wa ramani unaopima kwa mita) kanda ya 36 Kusini (Kigoma mjini ni 35, msichanganye), QGIS, programu ninayochorea ramani, ikatulia. Sasa kila makutano yanaonekana peke yake. Ila ya karibu na soko bado yanaongoza, na nahisi ni wingi wa bodaboda tu. Jumamosi nakwenda kuhesabu vyombo vinavyopita, nigawanye ajali kwa idadi hiyo. Daftari ninalo, kofia naazima.