Eti "mafuta ya maskini"! Yule mnusaji wa pampu atuombe radhi

Plagi Nne (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka kuiangalia sasa hivi ile video ya jamaa anayedai mafuta yanatofautiana sheli kwa sheli na nimekasirika kiasi kwamba ukiniwekea birika kichwani chai inachemka. Mnamjua. Simtaji, maana miwani yake inatangulia kufika kila sheli hapa mjini.

Mtu mzima anachukua mdomo wa pampu, anafumba macho, anaunusa kama anakagua pilau la harusi, halafu anamgeukia kijana wa bodaboda aliyekuja kuweka ya elfu tano: "Wewe endelea na mafuta ya maskini." Mbele ya kamera! Kijana alikuwa ameshafungua tanki, kifuniko kiko mkononi, akabaki amekishika tu.

Hayo mafuta ya maskini yanakuja na meli gani? Tangu 2012 petroli ya Tanzania inaagizwa kwa pamoja. Aliyeshinda zabuni analeta meli, inashusha bandarini, mfano Kurasini, na kampuni zinagawana mzigo kwa kadiri kila moja ilivyoagiza. Mwenye sheli ya vioo na mwenye sheli ya pampu mbili kwenye vumbi wamechota chungu kimoja. Baada ya hapo ndipo kampuni nyingine inatia dawa yake na kuyapa mafuta jina, mfano Excellium ya Total, au V-Power ya Shell kule Kenya. Dawa hiyo kazi yake kubwa ni kusafisha: inazuia utando usigande kwenye nozeli za kupulizia petroli na kwenye mgongo wa valvu za kuingizia hewa. Matokeo yake yanaonekana baada ya maelfu ya kilometa, siyo baada ya kunusa!

Oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujiwasha ovyo na kuifanya injini igonge, inapimwa maabara kwa injini maalumu ya silinda moja, wanaibadilisha mgandamizo mpaka ianze kugonga. Yeye ana injini hiyo puani? Alinusa nini? Nauliza tena, ALINUSA NINI?

Dawa ya Tanki

Naunga mkono hoja. Na ile bodaboda ni ya kabureta, haina kompyuta wala kihisi cha kugonga. Ukiiwekea oktani 100 itaichoma vilevile kama inavyochoma ya kawaida, hakuna kifaa cha kusogeza muda wa cheche kufuata oktani. Kijana alikuwa sahihi kuweka ya kawaida. Aliyetukanwa ndiye aliyekuwa na akili pale.

Mtaa wa Pili

Mleta uzi punguza povu, hilo nalo ni sabuni? Aya nne zote pua, pua, pua. Jamaa amechemka kwenye kunusa, sawa, lakini hoja yake kwamba mafuta yanatofautiana ni kweli. Meli moja haimaanishi tanki moja. Mafuta yakishatoka ghalani yanapita kwenye lori, kisha kwenye tanki la chini ya ardhi la sheli, na huko ndiko yanakoharibikia. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini. Mfuniko wa kupokelea mafuta usipobana, mvua ya masika inaingia yote. Meneja makini anachovya kijiti kilichopakwa dawa ya kupimia maji kila asubuhi na baada ya kila lori. Dawa ikibadilika rangi anafunga pampu. Mvivu anauza.

Ndiyo maana ukikuta lori linashusha mzigo, pita. Tope na maji yaliyolala chini yanakorogwa, na hapo hata jina la kampuni liwe limeandikwa kwa dhahabu utapewa uji.

Plagi Nne

Mtaa wa Pili, hayo yote nakubali. Lakini hakusema "sheli hii ina maji". Alisema MAFUTA YA MASKINI. Huku amefumba macho.

Silinda Kavu

Niongezee hapo. Hiyo premiamu yenyewe, ile ya oktani kubwa na bei kubwa, inaweza kuwa mbovu kuliko ya kawaida. Sheli ya barabara ya mbali, ya kawaida inaisha kila baada ya siku mbili, premiamu inakaa mwezi na zaidi kwa sababu hainunuliki. Petroli ikikaa, sehemu nyepesi zinaruka na zinazobaki zinaanza kufanya gundi. Gari linakuwa gumu kuwaka asubuhi. Umelipa zaidi kununua kiporo.

Kipusa wa Kigamboni

Nani kati yenu amefungua kifuniko cha tanki la gari lake akasoma? Magari yetu mengi ni ya Japani. Huko petroli ya kawaida kiwango chake cha chini ni oktani 89, na ile wanayoiita haioku ni 96. Vitz, IST, Probox, zote zimeundwa kwa ya kawaida, na petroli yetu ya kila siku tayari inazidi hiyo 89. Kuiongezea oktani ni kumnunulia kuku viatu.

Mwenye Subaru ya tabo, huyo ni kesi nyingine. Kibandiko kinadai premiamu. Ukiiwekea oktani ndogo, kihisi kinasikia injini ikigonga, kompyuta inachelewesha cheche, nguvu zinapungua, unakanyaga zaidi, mafuta yanaisha. Hapo oktani ni lazima, lakini ni kwa sababu ya injini, siyo kwa sababu ya mfuko wa mwenye gari.

Na wenye D4, zile injini za Toyota 1AZ-FSE za kwenye Noah na Premio, msidanganyike na matangazo ya kusafisha valvu. Nozeli inapulizia ndani ya silinda moja kwa moja, petroli haiigusi valvu ya hewa kabisa. Dawa itasaidia nozeli. Masizi ya kwenye valvu yanatolewa kwa mkono, mfumo wa hewa ukifunguliwa.

Mkaa Juja

Nyinyi mnalilia pua? Hapa Kenya mafuta ya kampuni zote yanachanganywa kwenye bomba moja kutoka Mombasa. Kampuni inapewa lita zake, si matone yake. Halafu kila tarehe 14 tunangoja bei mpya za EPRA, mdhibiti wa nishati, kama matokeo ya mtihani. Kero yangu ni wanaochanganya mafuta ya taa. Mwaka wa 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya hayo mafuta ya taa kuzuia huo mchezo, anayeumia ni mama wa stovu.

Silinda Kavu

Sisi ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa 2011 kwa sababu hiyo hiyo, na vinasaba, zile kemikali za alama zinazotiwa kwenye mafuta, vikaanza 2010. Lakini watu wanachanganya mambo: kinasaba kinaonyesha kama mafuta yamelipiwa kodi na kama yamepunguzwa nguvu kwa kuongezewa kitu kingine. Hakipimi oktani.

Ukishuku mafuta ya taa, dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, weka kivulini. Petroli safi inaruka yote. Likibaki doa la mafutamafuta, kuna kitu. Dalili kwenye gari: inagonga ukipanda mlima, plagi zinatoka nyeusi, na kijiti cha oili kinapanda badala ya kushuka, maana mafuta ya taa hayachomeki yote, yanapenya kwenye ringi na kushukia kwenye oili. Ukifika hapo mwaga oili siku hiyo hiyo, imeshakuwa nyepesi.

Babu Galoni

Ubora, ubora. Mimi kero yangu ni UJAZO. Unawekewa lita 20 kwenye galoni la lita 20 na bado kuna nafasi ya kufuga samaki.

Mtaa wa Pili

Babu, galoni la plastiki si kipimo, linatanuka. Omba kipimo cha chuma cha lita 20 cha hapo sheli, chenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Kiwekwe sakafu iliyosawazika, kilowanishwe kwanza kwa petroli na kumwagwa, pampu irudi sifuri, ndipo ijazwe. Soma mstari wa shingoni jicho likiwa usawa wake. Wakikataa kukitoa, jibu umeshalipata. Angalia pia lakiri kwenye pampu kama haijakatwa.

Plagi Nne

Jamani turudi kwenye mada. Yule mtu ALIUNUSA MDOMO WA PAMPU na hajaomba radhi mpaka sasa.

Dawa ya Tanki

Mkuu, wengi wanaosema "mafuta ya sheli fulani yanaisha haraka" wametolewa na mafundi themostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto. Hilo ndilo la kuanzishia uzi. Gari likichemka kidogo tu, fundi anaing'oa anaitupa, eti nchi yetu ya joto. Injini haifiki joto lake, kihisi kinaiambia kompyuta bado ni baridi, kompyuta inaongeza mafuta safari nzima. Halafu lawama kwa sheli.

Babu Galoni

MAFUNDI HAO! Na ukimuuliza iko wapi anakwambia haikuwemo.

Mkaa Juja

Huku pia. Wanazitoa kama meno ya utotoni.

Kipusa wa Kigamboni

Kwa Probox ya 1NZ inakuwa ya digrii ngapi? Hii imekutwa haina.

Dawa ya Tanki

82. Imepigwa chapa kwenye sahani yake. Kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji, yapashe moto taratibu uione ikifunguka. Isipofunguka maji yakichemka, irudishe dukani. Wakati wa kufunga, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu ili hewa itoke. Badilisha pia mpira wake, usirudishie wa zamani.